Mshirika wa Marekani ni nani? Neno moja, ahadi nyingi

Tarehe 24 Juni 2024 Rais Joe Biden alitia saini waraka ulioifanya Kenya kuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi ya mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Habari yenyewe ilikuwa imetangulia mwezi mmoja, William Ruto alipopokewa Washington kwa ziara ya kitaifa. Wapo walioshangilia kwamba tangu sasa atakayeigusa Kenya atakuwa ameigusa Marekani. Wapo waliolaani kwamba nchi imeuzwa. Kambi mbili hizo zilizozana kuhusu ahadi ambayo haimo ndani ya waraka.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno. Redioni na magazetini "mshirika wa Marekani" ni Japani, ni Kenya, ni Qatar, ni Ukraine, na kwa miaka kadhaa walikuwa pia Wakurdi wa Syria. Kwa sheria za Marekani, hawa wote hawakai jamvi moja. Yupo aliyeandikiwa mkataba ukaridhiwa na Seneti. Yupo aliyepewa hadhi inayomrahisishia kupata silaha. Yupo aliyefungua bandari na kiwanja chake cha ndege kwa malipo. Na yupo aliyeahidiwa kwa mdomo, au kwa amri ya rais aliyeko madarakani leo.

Kiswahili kina neno linalosaidia kupambanua: mdhamini. Kijana akikamatwa, ndugu na majirani wote wanaweza kujaa mahakamani kumwonea huruma, na huruma yao ikawa ya kweli kabisa. Lakini mdhamini ni yule anayeweka kitu mezani: hati ya shamba, kadi ya gari. Mshtakiwa akitoroka, ni yeye anayepoteza. Kila Washington inapotangaza ushirika mpya, au inapouacha wa zamani, mimi hutafuta jibu la swali hilo: imeweka nini rehani? Ukilishika swali hilo, mabadiliko mengi yanayoonekana kama kigeugeu yanaanza kueleweka.

Walioandikiwa

Marekani haikuzaliwa na mapenzi ya kufungamana na wengine. George Washington, katika waraka wake wa kuaga mwaka 1796, aliwaonya wananchi wake wajiepushe na miungano ya kudumu. Muungano wao wa kwanza, ule wa 1778 na Ufaransa uliowasaidia kupata uhuru, Kongresi iliufuta mwaka 1798. Baada ya hapo nchi hiyo ilikaa karibu karne moja na nusu bila mkataba wa kudumu wa kujihami na yeyote, mpaka Mkataba wa Rio na nchi za Amerika ya Kusini mwaka 1947, kisha NATO mwaka 1949.

Ilipofungua mlango, iliufungua wote. Mwaka 1951, ndani ya siku kumi tu, zilitiwa saini karatasi tatu: na Ufilipino Agosti 30, na Australia na New Zealand Septemba 1, na Japani Septemba 8. Korea Kusini ikafuata mwaka 1953. Ulaya ilipewa muungano wa pamoja. Asia kila nchi ilifungwa kwa Marekani peke yake, kama mbuzi kadhaa waliofungwa kwenye kigingi kimoja bila kugusana. Sababu mojawapo ni kwamba Washington iliwaogopa baadhi ya rafiki zake karibu kama ilivyowaogopa maadui. Syngman Rhee wa Korea Kusini alitaka kuendeleza vita aiunganishe rasi nzima. Chiang Kai-shek wa Taiwan aliota kurudi bara. Kamba iliyowalinda ndiyo pia iliyowazuia.

Watu wengi hudhani Kifungu cha 5 cha NATO kinamlazimisha kila mwanachama kuingia vitani mwenzake akishambuliwa. Hakisemi hivyo. Kinasema shambulio dhidi ya mmoja litahesabiwa kuwa dhidi ya wote, na kila mmoja atachukua hatua atakayoona inahitajika, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi. Maneno "atakayoona inahitajika" yaliwekwa kwa makusudi, kwa sababu maseneta wa Marekani hawakukubali kuikabidhi Ulaya mamlaka yao ya kutangaza vita. Kifungu hicho kimetumika mara moja tu, Septemba 12, 2001, kuitetea Marekani yenyewe.

Basi kama maandishi yana mwanya, nguvu ya ahadi hutoka wapi? Hutoka kwenye rehani. Huko Korea Kusini wapo askari wa Marekani wapatao 28,500. Hawatoshi kuishinda Korea Kaskazini, na hawakuwekwa pale kwa hesabu hiyo. Wamewekwa ili vita vikianza, Wamarekani wawe miongoni mwa watakaokufa siku ya kwanza, na asipatikane rais wa kusema mambo hayo hayatuhusu. Hilo ni jambo zito kulitamka, lakini ndivyo mfumo ulivyojengwa.

Hata mkataba kamili haujaandikwa juu ya jiwe. Taiwan ilikuwa na mkataba wake tangu 1954. Rais Jimmy Carter alipoitambua serikali ya China ya Beijing alitoa notisi ya mwaka mmoja, na Januari Mosi 1980 mkataba ukawa umekufa. Seneta Barry Goldwater alikwenda mahakamani kupinga rais kuuvunja peke yake. Mahakama Kuu ya Marekani iliitupa kesi bila kuamua hoja yenyewe. Kongresi ilikuwa imepitisha sheria ya mwaka 1979 inayoruhusu kuiuzia Taiwan silaha za kujihami, lakini sheria hiyo haisemi kwamba Marekani itapigana.

Hadhi ya Kenya, na udhaifu wa karatasi

Turudi Nairobi. Hadhi aliyoitoa Biden inatokana na sheria ya misaada ya nje ya mwaka 1961, kifungu cha 517. Orodha ya kwanza ya mwaka 1987 ilikuwa na Australia, Misri, Israel, Japani na Korea Kusini. Baadaye zikaingia Moroko, Tunisia, Pakistan, Brazil, Qatar na nyingine. Mwenye hadhi hupewa kipaumbele cha silaha ambazo jeshi la Marekani halizihitaji tena, anaweza kuhifadhiwa akiba ya zana za vita katika ardhi yake, anashiriki katika utafiti na mafunzo ya pamoja, na kampuni zake zinaweza kuomba zabuni za kukarabati vifaa vya jeshi hilo nje ya Marekani. Hayo si madogo. Ila Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yenyewe huandika wazi kwamba hadhi hii haina ndani yake wajibu wowote wa kumlinda aliyepewa.

Namna inavyotolewa nayo inatoa picha. Mkataba unataka theluthi mbili ya maseneta. Hadhi hii inataka rais aiarifu Kongresi siku 30 kabla, basi. Kuiondoa ni hivyo hivyo. Mwaka 2025 seneta Jim Risch, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti, alipendekeza hadhi ya Kenya ipitiwe upya kwa sababu ya ukaribu wa Nairobi na China, baada ya Ruto kuzuru Beijing mwezi Aprili. Mwaka mmoja na ushee tu baada ya shangwe.

Afghanistan ilipewa hadhi hiyo hiyo Julai 2012. Agosti 15, 2021 Taliban waliingia Kabul, na karatasi ikaendelea kuwapo kwa zaidi ya mwaka baada ya serikali iliyopewa kutoweka, mpaka ilipofutwa Septemba 2022.

Kwa hiyo anayetaka kujua uzito halisi wa Marekani nchini Kenya asiutafute kwenye hadhi. Aangalie Manda Bay, Lamu, ambako wanajeshi wa nchi mbili hizo hukaa pamoja, na ambako Al-Shabaab waliwaua Wamarekani watatu alfajiri ya Januari 5, 2020. Aangalie makubaliano ya ulinzi ya miaka mitano yaliyosainiwa Nairobi Septemba 2023. Huko ndiko kuliko na watu na vitu, na kazi ya huko imelenga adui mmoja tu, wanamgambo wa Somalia. Nchi jirani ikiivamia Kenya kesho, hakuna mstari popote unaosema Marekani itafanya nini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna waliolipia somo la kusoma daftari kwa machozi kama Waukraine. Mwaka 1994 mjini Budapest walikubali kuachia silaha za nyuklia walizorithi kwa Umoja wa Kisovieti, akiba ya tatu kwa ukubwa duniani wakati huo. Nakala ya Kiingereza iliwapa "hakikisho". Neno "dhamana", ambalo Wamarekani hulitumia kwa wanachama wa NATO, lilikwepwa kwa makusudi. Marekani, Uingereza na Urusi ziliahidi kuiheshimu mipaka ya Ukraine. Kuheshimu si kutetea. Mwaka 2014 mmoja wa waliosaini aliichukua Crimea, na waliobaki hawakuwa na wajibu wa kisheria wa kumfukuza.

Manila: waliofukuzwa wakarudishwa

Kama kuna nchi inayoonyesha jinsi ushirika unavyoweza kuzunguka na kurudi ulikoanzia, ni Ufilipino. Nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1947, mwaka mmoja baada ya kuipa Ufilipino uhuru, Marekani ilijipatia haki ya kutumia kambi za huko kwa miaka 99. Muda huo ulipunguzwa mwaka 1966, ukawa wa kwisha Septemba 16, 1991. Zilikuwa kambi kubwa: Clark ya jeshi la anga, na Subic iliyokuwa karakana ya manowari za Pasifiki nzima. Juni 1991 volkano ya Mlima Pinatubo ililipuka, Clark ikafunikwa na majivu, Wamarekani wakaiacha. Ikabaki Subic. Washington ilitaka miaka kumi zaidi, kwa malipo ya dola milioni 203 kwa mwaka. Rais Corazon Aquino aliunga mkono, hata akaongoza maandamano ya kuutetea mkataba.

Siku ya mwisho ya mkataba wa zamani, Jumatatu, Seneti ya Ufilipino ilipiga kura. Maseneta 12 walisema hapana, 11 wakasema ndiyo. Spika wa Seneti, Jovito Salonga, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Kwa wengi wao haikuwa hesabu ya fedha. Walihisi kwamba nchi inayolindwa na mkoloni wake wa jana bado haijawa huru. Novemba 24, 1992 Wamarekani wa mwisho waliondoka Subic.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea: kambi ziliondoka, mkataba wa kujihami wa 1951 ulibaki. Ahadi ilikuwepo, rehani haikuwepo. Mwaka 1995 Wafilipino waligundua kwamba China imejenga vibanda juu ya nguzo kwenye miamba ya Mischief, ndani ya eneo la bahari wanalolihesabu kuwa lao. Mwaka 1998 Manila ilisaini makubaliano ya kuwaruhusu askari wa Marekani kuja kwa mazoezi, na Seneti, chombo kile kile, ikayaridhia mwaka uliofuata. Mwaka 2012 China ilitwaa udhibiti wa miamba ya Scarborough. Mwaka 2014 yakasainiwa makubaliano mapana zaidi.

Katiba ya Ufilipino ya 1987 inakataza kambi za kigeni bila mkataba ulioridhiwa na Seneti. Kwa hiyo makubaliano ya 2014 hayataji kambi za Marekani. Yanazungumzia maeneo ya Ufilipino ambayo Wamarekani wanaruhusiwa kuyatumia. Wao hujenga, Wafilipino humiliki. Askari huja kwa zamu, na zamu moja ikiondoka nyingine huingia. Mahakama Kuu ya Manila ililikubali hilo mwaka 2016. Anayefuatilia mijadala ya kijeshi Afrika ataitambua lugha hiyo mara moja, kwani na huku neno "kambi" huepukwa kwa bidii.

Kisha akaja Rais Rodrigo Duterte, aliyetaka kuigeukia Beijing. Februari 2020, baada ya Marekani kumfutia viza seneta Ronald dela Rosa aliyekuwa mkuu wa polisi katika vita dhidi ya dawa za kulevya, Duterte alitoa notisi ya kuvunja makubaliano ya 1998. Aliisitisha notisi, akaisitisha tena, na Julai 2021 akaifuta kabisa. Meli za China zilikuwa zimeifanyia Washington kazi ambayo mabalozi hawakuiweza. Chini ya rais aliyemfuata, Ferdinand Marcos mdogo, maeneo yanayoruhusiwa yaliongezwa mwaka 2023 kutoka matano hadi tisa. Matatu kati ya manne mapya yako kaskazini ya Luzon, kisiwa kikuu cha Ufilipino, upande unaoitazama Taiwan. Tuseme ukweli hapa: Marekani ilipochagua Luzon kaskazini haikuwa ikiwaza miamba ya Wafilipino peke yake.

Lakini badiliko lililonivutia zaidi halikuhusu majengo. Mkataba wa 1951 unasema utatumika kukiwa na shambulio la silaha dhidi ya majeshi, meli za umma au ndege za mmoja wao "katika Pasifiki". Je, Bahari ya China Kusini ni Pasifiki? Kwa miongo mingi Washington ilikwepa kujibu moja kwa moja. Machi Mosi 2019, akiwa Manila, Mike Pompeo, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alijibu: ndiyo. Mwongozo wa pamoja wa Mei 2023 ukaongeza kwamba hata meli za walinzi wa pwani zimo, popote katika bahari hiyo. Hakuna neno hata moja la mkataba lililobadilishwa. Kilichobadilika ni usomaji wake, na usomaji huo umeongeza maelfu ya kilomita za mraba za bahari ambamo Marekani imejifunga kuingia.

China nayo ilijua kusoma. Juni 17, 2024, kwenye miamba ya Second Thomas, Wafilipino walikuwa wakiwapelekea chakula wanamaji wao wanaoishi ndani ya Sierra Madre, meli chakavu waliyoikwamisha hapo kwa makusudi mwaka 1999. Walinzi wa pwani wa China waliwazingira kwa boti, wakiwa na mashoka, visu na nyundo. Baharia mmoja alikatika kidole gumba. Je, shoka ni silaha? Kidole kimoja ni shambulio? Majuma mawili na ushee kabla, Marcos alikuwa amesema mjini Singapore kwamba Mfilipino akiuawa kwa makusudi, hilo litakuwa karibu sana na tendo la vita. Beijing ikabaki chini ya mstari huo: mabomba ya maji, kugongana kwa meli, mashoka, lakini si risasi. Manila haikuuita mkasa ule shambulio la silaha, na mkataba haukuguswa. Kila ahadi yenye kizingiti humfundisha mpinzani kizingiti kiko wapi.

Pembe ya Afrika, mwaka wa kubadilishana

Mfano wa karibu nasi ni wa aina nyingine kabisa, kwa sababu huko hakukuwa na mkataba wa kujihami hata mmoja, yalikuwa makubaliano ya kutumia ardhi. Kuanzia 1953 Marekani ilikuwa na kituo cha mawasiliano Kagnew, mjini Asmara, Eritrea, iliyokuwa chini ya Ethiopia wakati huo, na kwa ajili yake ilimpa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia silaha na mafunzo kuliko karibu nchi yoyote ya Afrika. Umoja wa Kisovieti ulikuwa upande wa pili wa mpaka, kwa Siad Barre wa Somalia, na bandari ya Berbera.

Kufikia miaka ya sabini, setilaiti zilikuwa zikifanya kazi ya Kagnew. Rehani ilikuwa imepungua thamani kabla hata mfalme hajapinduliwa Septemba 1974. Februari 1977 Carter aliipunguzia Ethiopia misaada ya kijeshi kwa sababu ya mauaji ya utawala mpya. Aprili kiongozi wake, Mengistu Haile Mariam, akafunga Kagnew na ofisi nyingine za Wamarekani. Julai Somalia iliivamia Ogaden, eneo la Ethiopia lenye Wasomali. Wasovieti, baada ya kujaribu kuwa marafiki wa wote wawili, waliichagua Ethiopia, nchi kubwa zaidi. Novemba 13, 1977 Siad Barre aliwafukuza. Ndege za Kisovieti zikamimina silaha Ethiopia, maelfu ya askari wa Kuba wakafika, na Machi 1978 Wasomali walikuwa wamerudishwa nyuma.

Kwa mwaka mmoja hivi, dola mbili kubwa zilikuwa zimebadilishana wateja. Marekani haikuikimbilia Mogadishu papo hapo, maana kuisaidia nchi iliyovamia jirani kungeudhi Afrika nzima, na Kenya kwanza kabisa. Kenya, nchi ya kibepari, ilikuwa upande wa Ethiopia ya Kimaksi, kwa sababu Somalia ilidai Ogaden na ilidai pia kaskazini mashariki ya Kenya. Nairobi na Addis Ababa zilikuwa na makubaliano ya kujihami tangu miaka ya sitini, dhidi ya hatari ile ile. Mfungamano wa majirani ulikuwa na nguvu kuliko mfungamano wa itikadi.

Mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan viliipindua hesabu ya Washington. Ghuba ikawa kila kitu, na njia za kuifikia zikatafutwa haraka. Mwaka 1980 Marekani ilisaini makubaliano ya kutumia vituo na bandari na Oman, na Kenya kwa ajili ya Mombasa, na Agosti, na Somalia kwa ajili ya Berbera. Kiwanja kilichoboreshwa na Wasovieti kikawa wazi kwa ndege za Marekani.

Makubaliano hayo hayakuwa na ahadi ya kumlinda Siad Barre, naye hakulindwa. Vita Baridi vilipopoa, misaada ilikatwa. Januari 1991, majuma matatu hivi kabla ya utawala wake kuanguka, helikopta kutoka manowari za Marekani ziliwachukua mabalozi na wageni kutoka Mogadishu. Waliobaki walibaki na silaha zilizomwagwa na pande zote mbili kwa miaka ishirini. Mtu wa Garissa au wa Kismayo hahitaji kuelezwa zilifanya nini baadaye.

Rehani inayohamishwa

Sasa tazama Ulaya. Mwaka 2014 wanachama wa NATO walikubaliana kulenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa ulinzi, wengi wakajikokota. Februari 2024, akiwa bado mgombea, Donald Trump aliwaambia wafuasi wake kwamba nchi isiyolipa angeiacha Urusi ifanye itakalo. Juni 2025, mjini The Hague, lengo lilipandishwa hadi asilimia 5 ifikapo 2035, ambayo 3.5 ni ya jeshi lenyewe. Wapo wanaolisoma hilo kama ushindi wa Trump, na kwa kipimo cha fedha ni kweli. Ila Kifungu cha 5 hakina sharti la malipo. Kiongozi anapolitamka sharti hilo, analiandika kwenye akili ya Moscow hata kama halimo kwenye mkataba.

Kongresi inaliona hilo. Desemba 2023 ilipitisha sheria inayomkataza rais kuitoa Marekani NATO bila theluthi mbili ya maseneta au sheria mpya. Miongoni mwa walioisukuma alikuwa seneta Marco Rubio, ambaye sasa ni waziri wa mambo ya nje wa Trump. Ni jibu la kesi ya Taiwan, miaka 44 baadaye. Tena mwishoni mwa 2025, baada ya wizara ya ulinzi kutangaza kupunguza vikosi Romania, Kongresi iliweka masharti kabla ya wanajeshi walioko Ulaya kushushwa chini ya 76,000 kwa muda mrefu, na walioko Korea chini ya 28,500. Wabunge wanajaribu kuifungia hati ya shamba ndani ya kabati lao. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha rais aagize mizinga ifyatuliwe.

Kuna na tatizo ambalo waandishi wa 1949 hawakuliandikia dawa. Denmark ni mwanachama mwanzilishi wa NATO, na ilipoteza askari zaidi ya 40 Afghanistan ikiitikia ule mwito wa 2001. Kisiwa chake cha Greenland kina kambi ya Marekani kwa makubaliano ya mwaka 1951. Trump anakitaka kisiwa chenyewe, na Januari 2025 alikataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu. Kifungu cha 5 kinasema nini mlinzi mwenyewe anapokitaka kiwanja? Hakisemi kitu.

Na Ghuba? Septemba 9, 2025 Israel ilishambulia Doha, mji mkuu wa Qatar, nchi yenye hadhi ile ile ya Kenya na yenye Al Udeid, kambi kubwa kuliko zote za Marekani Mashariki ya Kati. Hadhi haikuzuia kombora. Majuma matatu baadaye Trump alisaini amri inayosema shambulio la silaha dhidi ya Qatar litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa Marekani. Maneno yanafanana sana na ya mkataba, lakini Seneti haikuulizwa, na rais ajaye anaweza kuifuta kwa kalamu kabla ya chakula cha mchana. Kwa upande mwingine, maelfu ya askari wa Marekani wamo Al Udeid, na hao wana uzito kuliko amri.

Washirika wenyewe wamekwisha kuisoma hali. Ujerumani inapeleka brigedi ya kudumu ya askari wapatao 5,000 Lithuania, jambo ambalo haijawahi kulifanya nje ya mipaka yake tangu Vita Kuu ya Pili. Kule Asia, wale mbuzi wa kigingi kimoja wameanza kufungana wao kwa wao. Japani iliikalia Ufilipino kwa mabavu kuanzia 1942, na katika mapigano ya mwezi mmoja ya kuikomboa Manila mwaka 1945 raia wapatao 100,000 walikufa. Wazee walioyaona hayo bado wapo. Julai 2024, mjini Manila humo humo, nchi mbili hizo zilisaini makubaliano ya kupokeana majeshi, na Seneti ya Ufilipino, ile iliyowakataa Wamarekani kwa kura 12, iliyaridhia bila hata sauti moja ya kupinga. Tangu Septemba 11, 2025 askari wa Japani wanaweza kushuka Luzon na silaha zao, kwa kualikwa.